Namba Yako Inaacha Tatu

Beni, Bungulu

Mama yangu muzazi,

Wasingya, aksanti kwa maharagi. Ilifika nzima, dereva alionja kidogo tu. Magoti yako inaendelea namna gani? Sisi tuko na afya, na mutoto wetu anangoja bibi yake afike ili abatizwe. Lakini Mama, usipande gari ya siku ya ine. Kavira akusomee hii pole pole, mulango ikiwa imefungwa.

Katikati ya Butembo na Beni maaskari baliweka bariere mupya. Karani wake, zamani mwalimu wa hesabu, haangalie jina wala stampu. Askari anamusomea namba ya laissez-passer, karatasi ya njia, kwa sauti, yeye anaandika juu ya goti, kisha anasema: apite, ama ashuke. Muuzaji wa samaki wa Kyavinyonge alimuuliza: «Mwana, unahesabu nini? Samaki iko huku!»

«Samaki yako, Mama, haidanganye,» karani akamujibu.

Mwanaume wa nyuma yake balimushusha. Kashoo, maskini. Mupaka leo muke wake anamutafuta.

Siku ile pneu ya gari yetu ilipasuka pale pale, nikakaa asubuhi muzima nikiandika namba chini ya kofia. Kila yenye ilipita inagawanyika kwa tisa bila kuacha kitu, na kwa saba vilevile. Donc, basi, bureau yenye kutoa karatasi haihesabu moja moja; inaruka makumi sita na tatu kila mara, njo alama yao.

Yangu ni 5 310 459. Inapita. Yako, yenye Kavira aliniandikia, ni 5 310 462. Jaribu na maharagi: tano, tatu, moja, zero, ine, sita, mbili. Ni makumi mbili na moja. Toa tisa, toa tisa tena. Inabaki tatu, na hizo tatu ndizo zitakufunga.

Kavira asibadilishe ile 2 ikuwe 8. Tisa itakubali, saba itakataa. Nilishajaribu.

Sasa najiuliza: kwa nini namba yako inafuata yangu kama vile tulipanga mustari pamoja, batu babili katikati? Nani aliona yangu? Pasaka, nilipofika kwetu, katekista wetu aliishika na mikono yote mbili: «Ee, Kambale, hii karatasi ni muzuri!» Nikafikiri anasifu stampu. Na ni yeye alikutafutia yako.

Musimutukane. Mumwambie kwa heshima: Mama ni muzee, anaogopa maaskari, katekista apande naye gari, na karatasi aitoe yeye mwenyewe, kwa mukono wake. Halafu mumwangalie uso.

Mimi nitaenda bureau nikuombee ya kweli, na nitaigawa mbele yao kabla ya kusema merci. Padri alikubali ubatizo ingoje.

Unisalimie Kavira, dada yangu, macho yako ya kusoma. Mujomba fundi wa paa. Na shangazi wa Kirumba mwenye kuuza vitunguu. Katekista, hapana kumusalimia kwanza. Akisikia habari ya kupanda gari, atasema tumbo inamuuma, ngojeni ipone.

Kijana wako wa pili,
Kambale