Kamba ya Kadhi

Jumamosi, 22 Julai

Nyumbani. Siku ya kumi tangu nipasuliwe. Mfupa wa kifua wameukata katikati kwa msumeno, wakauchezea moyo walivyotaka, kisha wakanifunga kwa waya. Waya! Miaka thelathini na mbili nimetengeneza vyerehani, mshono mzuri naujua nikiuona. Hii ni kazi ya fundi senyenge. Mshipa wa kuungia wameutoa mguuni, kwa hiyo mguu nao unauma. Una haki. Ndio ulioibiwa.

Masharti, karatasi nzima: nisinyanyue kitu kizito kuliko birika. Nisisukume. Nisivute. Nisiinue mikono juu ya kichwa. Miezi mitatu. Nikikohoa, nikumbatie mto. Mto wenyewe wametoa wao – mwekundu, wa umbo la moyo, kama zawadi ya mvulana wa darasa la saba kwa mchumba wake. Nina miaka sitini na moja. Nikamwambia Mek Nah, mke wangu, autupe kabatini. Kikohozi kikanijia kabla hajafika kabatini. Nikamwita arudi.

Daftari hili lilikuwa la kuandikia sauti za Kadhi, tetere wangu wa mashindano ya kulia. Sasa Kadhi hayupo, naandika upuuzi wangu. Yuko kwa Jusoh, mdogo wake Mek Nah, aliyembeba siku niliyolazwa "asije akanyamaza kwa upweke." Jusoh ndiye binadamu pekee ninayemjua anayeweza kutafuna na kupiga mluzi kwa pamoja. Ndege atajifunza nini kule!

Jumatatu, 24 Julai

Supu ya haruan asubuhi. Supu ya haruan mchana. Samaki wa tope, wa majaruba ya mpunga, ana kichwa cha nyoka na ladha ya mtaro. Eti anafunga vidonda. Hajjah Limoh, jirani, alikuja kusimamia ninavyokunywa.

"Kunywa, Deraman, usinusenuse. Marehemu mume wangu alikunywa siku arobaini."

Nikamwuliza: alipona?

"Si nimekwambia marehemu?"

Kuku marufuku. Mayai marufuku. Kamba marufuku – eti vinawasha, na kidonda kikiwasha kitafunguka. Daktari kasema kula kila kitu. Mek Nah kasema daktari hakuzaliwa huku kwetu Kelantan.

Alhamisi, 27 Julai

Wageni kumi na mmoja. Kila mmoja na haruan wake, hai, ndani ya mfuko wa nailoni. Ndoo ya bafuni imejaa. Naoga wakinitazama. Kila mgeni anataka aone kovu. Hata Aini, binti yetu anayefanya kazi Johor, alitaka nishushe kola kwenye simu ya video, ofisi nzima nyuma yake imenyoosha shingo. Nimegundua jambo: watu hawaji kumtazama mgonjwa. Wanakuja kuhakikisha si wao.

Silali chali. Nalala nimekaa, kama abiria.

Jumapili, 6 Agosti

Nimelia. Tangazo la sabuni ya kufulia. Mama anakunja shati la mwanawe – basi! Machozi mpaka kwenye mshono.

Leo ilikuwa kliniki. Binti wa mazoezi ya viungo, kalamu sita mfukoni, alinitembeza korido kwenda na kurudi kama ng'ombe wa mnada. Mek Nah, ambaye hajui kuficha siri, akamweleza habari ya sabuni.

"Ni kawaida, mzee. Wengi hulia miezi miwili mitatu. Moyo unapona, na mtu naye anapona, kila mmoja kwa mwendo wake."

Nikamwambia moyo ni pampu. Pampu hailii kwa ajili ya sabuni. Akacheka, akaandika kwenye faili. Ufundi umenifundisha kusoma maandishi yaliyopinduka. Nikasoma: *Ana hasira. Anaogopa.*

Neno la kwanza sawa. La pili ni uzushi.

Jumatano, 9 Agosti

Kadhi amerudi! Amekonda. Jusoh anasema hajakonda, "amechongeka." Nikamtundika dirishani – maana yake Jusoh alimtundika, mimi nikaelekeza kwa kidole. Hakulia. Amenigeuzia mgongo. Kadhi ana tabia hiyo: hukumu kwanza, kesi baadaye.

Mashindano ni Ijumaa, 15 Septemba. Nikahesabu kwa vidole. Toka msumeno mpaka siku hiyo ni wiki tisa na siku mbili; karatasi inataka miezi mitatu.

Jusoh aliniona nikihesabu. "Shemeji, usihangaike. Siku hiyo mimi nitapandisha tundu. Watu wote wanajua ndege ni wako."

"Na ubaoni litaandikwa jina la nani?"

"Aa, ubao si unafutwa?"

Sheria ya chama chetu cha tetere ni hii: mkono unaopandisha tundu mlingotini ndio unaosomwa jina. Si aliyemnunua ndege, si aliyemlea. Aliyevuta kamba. Ni sheria ngumu ya kijinga, na niliitunga mimi mwenyewe nikiwa katibu, kuwakomesha matajiri wa mjini waliokuwa wanatuma madereva wao. Tulipiga makofi siku ile.

Miaka minne nimemlea Kadhi. Mtama nimeupepeta mwenyewe, punje kwa punje. Na sasa ipigwe kelele kwenye kipaza sauti: mshindi, Kadhi wa Jusoh! Heri msumeno.

Ijumaa, 11 Agosti

Msikitini. Niliswali juu ya kiti, safu ya nyuma, pamoja na wazee wenye magoti mabovu. Ilipokwisha nikamsikia Jusoh barazani akiwaambia watu: "Ndege wetu yuko vizuri sana mwaka huu."

Wetu.

Jumanne, 22 Agosti

Nimeanza. Mek Nah akienda sokoni napata saa nzima. Nyuma ya nyumba kuna mlingoti wangu wa mazoezi, mita tano. Nimeanza na tundu tupu. Kwanza nililitia mafuta kapi, kigurudumu cha juu kinachopitisha kamba – mafuta mepesi ya cherehani, yale mazuri – kwa brashi niliyofunga kwenye mti mrefu. Sikuinua mikono juu ya kichwa. Niliinua mti. Masharti nimeyafuata.

Kamba ilipita kama hariri. Viganja nimeviweka tumboni, nikavuta vidogo vidogo, kama mtu anayejikuna. Mara tatu juu, mara tatu chini. Kisha nikakaa juu ya ndoo dakika kumi nikisubiri miti iache kuzunguka.

Zamani nilikuwa nabeba kichwa cha cherehani cha chuma kila mkono, ngazi mbili.

Alhamisi, 31 Agosti

Sikukuu ya uhuru. Bendera kila mahali, Jusoh amefunga tatu kwenye pikipiki. Nimepandisha tundu nikiwa nimetia mchanga, uzito wa Kadhi mara mbili. Safi kabisa.

Kifua kikatoa mlio. Tk. Mara moja. Kama sindano ikigonga chuma.

Karatasi inasema: ukisikia mlio kifuani, njoo hospitali mara moja. Haisemi ukiusikia mara moja tu.

Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 2 Septemba

Nimekamatwa. Si kwa macho ya Mek Nah – kwa batiki zake. Amezianika chini ya mlingoti, mafuta ya kapi yakadondoka, madoa matatu.

Akaja ameishika ile batiki ya bluu. "Baba Aini. Hii ni nini?"

"Doa."

"La nini?"

"Labda ndege."

Akanusa. Mwanamke aliyeolewa na fundi cherehani miaka yote hii hadanganyiki kwa harufu. Nikangoja matusi, nikawa na majibu manne tayari, mazuri. Hakutukana. Alikaa kitandani akaniambia siku ile ya upasuaji alikaa kwenye kiti cha plastiki kwa muda wa saa sita, na kila mlango ulipofunguliwa alisimama. Alisimama mara ishirini na saba. Mara zote ishirini na saba ilikuwa mtu wa usafi, au mtu wa chakula, au mtu aliyepotea njia.

"Mimi sisimami tena," akasema. "Ukitaka kufa kwa ajili ya kamba, utakufa, nami nitakuwa nimekaa."

Kisha akaenda kuniletea supu. Nikainywa yote. 

Majibu yangu manne bado ninayo.

Jumapili, 10 Septemba

Kadhi amelia! Saa moja na nusu, jua lilipogusa tundu. Sauti ya mbele nzito, ya kati imegawanyika sawasawa, ya mwisho ndefu – *kuuuung*. Kama mtu anayeweka muhuri. Nikalia na mimi. Safari hii angalau si sabuni.

Jusoh yupo, ameleta haruan wengine. Aliniona uso. Akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Ijumaa, 15 Septemba. Uwanjani

Naandika nimekaa chini, chini ya mlingoti nambari kumi na tisa. Watu wataona ninaandika sauti za ndege, kama kila mwaka. Waone hivyo hivyo.

Mambo yalivyokwenda. Mek Nah hakuja; alinifungia mfuko wa mtama bila kunitazama. Jusoh alinileta, akanishushia tundu kwenye gari, akasema, "Shemeji, uniite tu." Nikamwambia simwiti mtu. Akaenda kukaa huko kwenye kamba ya watazamaji, anatafuna.

Kipenga cha kwanza: pandisheni. Milingoti arobaini, matundu arobaini yakaenda juu pamoja. Nikaweka viganja tumboni. Nikavuta vidogo vidogo.

Kapi la chama ni kavu. Lina kutu! Halijaona mafuta tangu nilipoacha ukatibu. Mimi mpumbavu, mafuta ya wiki tatu nimeyamalizia kwenye kapi langu, nikajizoeza kuvuta hariri. Hii ni kuvuta jino. Mita moja. Mbili. Kwenye ya tatu ikagoma, nikasahau tumbo, nikapeleka mikono juu na kuning'inia kwa uzito wote.

Tk. Tk.

Mara mbili. Na maumivu, si makali, mapana. Kama mtu aliyefungua zipu kidogo akaiacha.

Nikateremka taratibu mpaka nikakaa, kamba ikiwa mkononi, kisha nikaikalia. Ndiyo hali ilivyo. Kamba iko chini ya makalio yangu. Kadhi ananing'inia nusu ya mlingoti. Kupandisha siwezi. Nikiinuka, tundu linaanguka mita tatu na Kadhi ndani. Majaji hawamhesabu ndege asiyefika juu. Kipenga cha pili kikilia, kila mtu anatoka uwanjani, na asiyetoka anaondolewa pamoja na ndege wake. Kifungu cha saba. Nacho ni changu.

Che Ding wa mlingoti wa kumi na nane: "Deraman, mbona wako kaishia ghorofa ya kwanza?"

"Anapenda upepo wa chini."

"Na wewe je, unataga?"

Mashati ya bluu ya majaji yanaonekana kwenye hema. Wanamaliza chai. Jasho linanitoka nyuma ya masikio. Kikohozi kinakuja, nakisikia kiko chini kabisa kinapanda ngazi. Nimetia mkono kwenye mfuko nitoe mtama, nijishughulishe – chini ya mtama kuna kitu laini. Chekundu. Mek Nah!

Wanaume mia mbili uwanjani.

Nimeukumbatia. Nimekohoa. Che Ding ametazama pembeni, na hilo ni baya kuliko kama angecheka. Mwandiko huu sitausoma kesho. Yule binti wa kalamu sita aliandika maneno mawili. Nilikataa moja.

Kadhi ameanza kulia. Hapo hapo nusu ya mlingoti, mbele, kati, mwisho, kama yuko ikulu. Vichwa vinageuka.

Jusoh amevuka kamba ya watazamaji. Anakuja. Hakimbii – anatembea kama mtu anayetafuta choo, mpumbavu, ili watu wasijue. Amefika. Ameacha kutafuna. Ametazama juu, akatazama kamba inakoishia, akautazama mto. Hajacheka.

Amechuchumaa. Anaongea polepole, mdomo hausogei:

"Shemeji. Kuvuta nitavuta ukiniambia. Usiponiambia, sivuti. Ila naweza nikaikalia tu, wewe uinuke na tundu lisianguke. Kukaa si kupandisha. Kwenye sheria yako umeandika chochote kuhusu kukaa?"

Sikuandika.

Katibu ameshika kipenga. Jusoh amevua ndala, ameziweka pamoja kando ya mto, anangoja. Nyasi zina umande. Nimesogea inchi mbili, kumpisha akae. Avute, sijamwambia.