Pijo la Baba na Siku ya Kukupeleka

Maskati,
Ijumaa, baada ya sala

Mwanahamisi, mdogo wangu,

Marahaba ya shikamoo uliyoniandikia, nami nakurudishia salamu za mtu aliyekukumbuka mpaka hamu ya chakula imempotea. Vipi afya yako? Vipi mama na miguu yake, na baba na kile kikohozi cha asubuhi? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila joto la huku limeninyausha. Ukiniona utadhani nguo nilizovaa nimeazima kwa mtu mnene.

Barua yako nimeipokea kwa mkono wa mama mmoja wa Tanga aliyekuja kumtazama mwanawe. Niliisoma kazini nikiwa nimeegemea mashine ya kukaushia. Kazi bado ni ile ile ya kufua mashuka ya hoteli. Tunaingia alfajiri, tunatoka jua limezama, na mvuke wa zile pasi kubwa unakutoa jasho hata kwenye kucha. Niliposoma tarehe ya harusi nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi kuomba ruhusa. Akasema mkataba haujaisha, na paspoti yangu imo kabatini mwake. Nikarudi mara ya pili. Mara ya tatu nikaomba kwa Kiarabu kizuri nilichofundishwa na mwenzangu wa Pemba tunayelala naye chumba kimoja. Jibu halikubadilika. Sitakuja, Mwana. Nimelia, na sioni haya kukwambia.

Sasa tuje kwenye ombi lako. Unasema mchumba wako Rashidi amepanga na rafiki zake magari manne meupe, yale yanayotoka Dubai siku hizi za ruksa ya kuagiza magari, yaje kukuchukua nyumbani Ngamiani yakupeleke kwake Chumbageni. Na baba amekataa, amesema mwanawe atapelekwa na gari la nyumbani. Mmekwaruzana, na tangu siku hiyo hasemi na mtu, anaosha gari tu. Kisha ukaandika, tena umekandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka: "Kaka, nitaingiaje kwa watu na lile kopo? Watanicheka mpaka nizeeke. Mwandikie baba, wewe anakusikiliza."

Kwenye neno kopo nilicheka. Halafu nikakasirika kidogo. Halafu nikakumbuka kuwa mengi ya gari lile huyajui, kwa sababu ulikuwa mdogo, na mengine ulifichwa makusudi. Kwa hiyo kabla sijamwandikia baba, nakuandikia wewe.

Hilo kopo, bibi wee, lilikuwa na enzi zake. Baba alilinunua kwa Mgiriki wa shamba la mkonge alipokuwa karani wa mizani huko. Mgiriki alikuwa anarudi kwao na hakuweza kulibeba. Pijo 404, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, viti vya ngozi vyekundu ambavyo mchana wa jua vilikuwa vinatuunguza mapaja. Siku ile baba aliporudi nalo alipita mtaa mzima kwa mwendo wa maiti ili kila mtu aone, na mama akajifanya hajaona, akaendelea kupepeta mchele huku akitabasamu kwenye ungo.

Wewe ulipopata akili, miaka ilikwisha kuwa mibaya. Sukari ilikuwa ya kibali, sabuni ya foleni, na spea za gari ndiyo usiseme. Milango minne ilikuwa na kishikio kimoja tu cha kupandishia kioo, vingine vilivunjika na havikupatikana vingine. Kilikaa mbele kwa baba. Ukitaka upepo unaomba, unapewa, unashusha kioo, unarudisha. Mvua ikinyesha ghafla, kile kishikio kilitembea kutoka mkono hadi mkono huku mama akipiga kelele kuwa analowa. Maji ya breki hayakuwepo madukani, baba akatia maji ya sabuni. Hapo ukazuka ugomvi wa ndani, maana mche wa sabuni ulikuwa mmoja na mama alikuwa na nguo za kufua. Mama alimwambia, "Chagua, bwana, kusimama ama kuvaa." Wakagawana nusu kwa nusu, na kwa mwezi mzima tulivaa nguo zilizofuliwa nusu na kupanda gari linalosimama nusu.

Betri nayo ilikufa, ikakaa imekufa miaka. Kwa hiyo tulisukuma. Kila mtu alikuwa na pahala pake: mimi nyuma kushoto, dada Zuhura nyuma kulia, mama katikati na buibui amelifunga kiunoni, baba mlangoni, mkono mmoja ndani kwenye usukani. Majirani hawakungoja kuitwa. Wakisikia tu baba amesema "bismillah" walitoka majumbani mwao, na wengine walikuja na kijiko mkononi. Ndiyo maana baba hakuweza kumkatalia mtu gari lile. Mja mzito, mgonjwa, maiti wa kwenda kuzikwa shamba, wote walibebwa, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umelitia nguvu.

Na Jumapili je, unazikumbuka? Zile za magari ya watu kukatazwa kutembea mchana ili petroli isituishie. Baba alikuwa analiosha gari, anafungua milango, tunaingia sote na kukaa uani, hatuendi popote. Mama anamenya machungwa ya Muheza na kutupitishia. Baba anashika usukani na kututajia njia. "Sasa tumefika Horohoro mpakani, kaeni vizuri askari awaone nyuso." Tunakaa vizuri. "Haya, tumevuka." Wewe ulikuwa na miaka minne, ukalala magotini kwa mama, na ulipoamka baba akakwambia tumekwenda na tumerudi. Kesho yake ukawatangazia wenzako kuwa umefika Mombasa na kwamba Mombasa pana machungwa kama ya kwetu. Hakuna aliyekusahihisha mpaka ulipoanza shule.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni harusi ya dada Zuhura. Ulikuwa na miaka saba, ulibaki nyumbani na mama, na wewe mpaka leo unaamini kuwa baba siku ile alikuwa barazani.

Kwetu, unajua, baba hampeleki binti kwa mumewe. Anayepelekwa hupelekwa na wanawake, shangazi na somo wake aliyemfunda na mashoga zake. Baba hubaki barazani na wazee wenzake, anapokea pongezi, na uso wake uwe mkavu. Akionekana anafuata nyuma, watu watasema hakuridhika. Zuhura alikuwa anakwenda Tongoni, na petroli mji mzima haikuwapo. Basi watu wakachangia harusi kwa chupa. Huyu chupa ya soda, yule nusu galoni, wote wanaileta petroli imefunikwa na kitambaa kama uji wa mgonjwa.

Akaja Bi Tatu, yule jirani yetu mjane wa nyumba ya makuti. Akampa baba chupa yake, akasema, "Mafuta haya, mwanangu, Mungu awafikishe." Baba akafungua, akanusa, akanitazama. Yalikuwa mafuta ya taa. Bi Tatu alikuwa amesimama pale pale, mikono kifuani, anangoja kuiona zawadi yake ikiingia, na sote tulijua kuwa nyumbani kwake taa haitawaka wiki ile. Baba alijua fika gari litafanya nini. Akamimina yote mpaka tone la mwisho, akamwambia, "Ahsante, mama, haya ndiyo yatakayotufikisha."

Dereva alikuwa amekwisha patikana, kijana mmoja wa gereji. Alipokuja baba alimwita pembeni, nami nilikuwa karibu.

"Wewe leo unaumwa kichwa," baba akamwambia.

"Siumwi, mzee."

"Unaumwa. Nenda kapumzike."

Kisha akaingia ndani, akavua kanzu na kofia, akatoka na shati lake la kaki la kule mizani. Akakaa kwenye usukani. Shangazi Mishi alipofika mlangoni na mwari amefunikwa, akamwona, nusura arudi.

"We kaka, wataka kutuaibisha? Wapi uliona baba akapeleka mwari?"

"Babake yuko barazani," baba akasema, bila kugeuka. "Miye dereva."

Shangazi alimtazama sana. Halafu akamwingiza Zuhura katikati, akaingia yeye na somo, akafunga mlango. "Haya, dereva," akasema, "twachelewa." Wazee wa barazani waliambiwa kuwa bwana mwenye nyumba amejilaza kidogo. Mimi nilichukuliwa kwa kazi yangu ya kusukuma, nikakaa mbele.

Tulipouacha mji na kuishika njia ya Pangani, mafuta ya Bi Tatu yakaanza kusema. Gari likakohoa, likatoa moshi, likasimama katikati ya minazi. Tukashuka. Shangazi akajifunga kanga yake mpya kiunoni, tayari kusukuma. Zuhura peke yake alibaki ndani, kwa kuwa mwari hashuki njiani. Baba akafunua boneti, akarudi kuchukua spana chini ya kiti, na hapo nikamsikia akimwuliza, sauti ya mtu asiyemjua:

"Bibi, una kiu?"

"Sina, dereva," Zuhura akajibu ndani ya shela.

"Vumbi halikusumbui?"

"Halinisumbui." Kisha akasema, "Dereva, ukirudi mjini, mwambie baba mimi sikuondoka kwake kwa furaha tupu. Mwambie amenilea vizuri."

"Nitamwambia," baba akasema.

Akaenda nyuma ya boneti akakaa huko. Nikataka kumfuata, shangazi akanishika mkono. Kwenye ule upenyo wa chini ya boneti niliiona mikono yake, na haikuwa inafungua wala kukaza kitu chochote, imeshika ukingo wa gari tu. Alipotokea alisema vumbi la njia ile ni baya, akapangusa uso kwa mkono wa shati, akatuambia tusukume.

Tulifika, kwa kukohoa na kwa kusukumwa. Vigelegele vikapigwa. Baba akamfungulia Zuhura mlango, akatazama chini, akampisha apite. Bwana harusi mwenyewe, shemeji yetu yule yule, ambaye hakuwahi kumwona baba kwa kuwa ndoa ilifungwa kwa uwakili, akamwambia asogeze gari mbali na mlango maana moshi unaingia ndani. Akasogeza. Wakampa sahani ya pilau akala nje na wabeba vyombo, akaimaliza, akashukuru. Baada ya miezi shemeji alikuja Ngamiani kumsalimu mkwewe kwa mara ya kwanza nyumbani, akamkuta yule dereva amekaa barazani na kofia kichwani. Sijapata kuona mtu mzima akibusu mkono kwa hofu kama ile.

Shangazi Mishi alitukataza tusiliseme. Sasa amekwisha tangulia, Mungu amrehemu, na mimi naona akiwa hai leo angekuwa wa kwanza kukwambia. Baba hana ubishi wa kizee na gari lake. Katika magari manne ya akina Rashidi kila moja lina mwenyewe, na hakuna moja lenye kiti cha baba wa bibi harusi, wala hata kikiwapo hataweza kukikalia. Njia aliyo nayo ya kukufikisha mlangoni kwako ni kuwa dereva. Na hawezi kukwambia, kwa sababu akikwambia hatakuwa dereva tena, atakuwa baba, na baba mahali pake ni barazani.

Kwa hiyo sitamwandikia. Harusi ni yako, na ukichagua magari meupe mimi sitakununia. Ni mazuri, nayaona hapa kila siku, yana baridi ndani na hayasukumwi. Ila ukiyachagua, kamwambie mwenyewe, tena umtazame.

Nisalimie mama, mwambie nimempelekea dawa ya kuchua miguu kwa yule mama wa Tanga anayerudi. Yako ni doti mbili za kanga na udi. Nisalimie dada Zuhura wa Tongoni na shemeji yetu, na watoto wao ambao mmoja sijamwona. Bi Tatu mpe mkono, umwambie Athumani wa gari bado anamkumbuka. Rashidi msalimie kwa heshima zote, mwambie namkabidhi mtu aliyesafiri mpaka Mombasa.

Wanaume wa nyumba yetu tuko wawili tu, Mwana. Mimi nimekwisha zuiliwa. Huyu wa pili usimzuie wewe.

Nduguyo akupendaye, mwenye mashuka ya watu mikononi na harusi yako moyoni,

Athumani