Wapangaji Wanne Wasiolala Kwangu

Belle Chêne, Louisiana
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Leontine,

Kwanza nakuuliza kama alivyokuwa akiuliza mama: umeamkaje wewe, na nyonga yako imeamkaje? Maana najua siku hizi hamuamki pamoja. Mimi ni mzima. Magoti yanalalamika, lakini yanalalamika tangu tulipokuwa tukikata miwa na sijawahi kuyasikiliza. Bamia zimekwisha shambani. Nimegandisha mifuko sita, miwili ni yako. Juzi uliniuliza kwenye simu kama nimeshinda chochote kwenye ile bingo ya Jumanne. Sijashinda. Na mwandiko huu mbaya usikushtue, wewe endelea kusoma, nitafika huko.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Karatasi huwezi kuikatiza. Nimesikia kwamba tangu Corinne arudi kwako Houston unamsema asubuhi na jioni, kwamba amepoteza kazi nzuri ya filamu kwa ajili ya ndoo ya chokaa. Mwache mtoto. Leo leo, kabla hujageuza ukurasa, mwache. Huyo mjukuu wako niliyemlea mimi tangu ana miaka minne hakufukuzwa kwa sababu ya chokaa, ingawa yeye mwenyewe anaamini hivyo.

Sikiliza ilivyokuwa. Unajua jimbo letu lina sheria yake ya filamu: kampuni ikija kupiga picha huku inapunguziwa kodi, na ikiajiri watu wa hapa inapunguziwa zaidi. Kwa sheria hiyo Corinne alikaa chuoni miaka miwili akijifunza useremala wa filamu, kujenga nyumba zisizo na mgongo na kuta zinazosimama kwa maombi. Watu walimcheka. Alcide mwenye hoteli alimwambia msichana mwenye nyundo hapati mume. Corinne akamjibu kwamba nyundo ikilegea unaikaza mpini, na mume je? Mwezi wa nane kampuni ikaja, wakamwandika kazi. Leontine, ungemwona akirudi jioni na vumbi la mbao kwenye nyusi! Alikuwa akiingia jikoni anafunua sufuria kabla ya kunisalimu, nami namchapa na mwiko, naye anacheka. Kazi hiyo ilikuwa imweke hapa, karibu nami. Wenzake wote walikwisha kwenda Texas.

Wakachagua nyumba yangu. Msimamizi wao, Bwana Haverly, mtu mwembamba wa viatu vyeupe, alisema wanatafuta nyumba ya mwanamke maskini wa zamani. Nikamwambia hongera, umempata maskini na zamani yake yote. Mimi nilidhani nyumba safi ndiyo inayopigwa picha. Kumbe! Walileta matope kwenye ndoo wakapaka ukuta wangu wa mbele. Ukuta ninaousugua tangu marehemu Ovide anioe. Wakang'oa ngazi yangu ya barazani, wakasema ni imara mno, haioneshi huzuni. Mwigizaji aliyeletwa kuwa bibi, ambaye ni mdogo kwangu kwa miaka ishirini, akaja jikoni nimfundishe kukoroga unga na mafuta, mwanzo wa gambo, ule mchuzi wetu wa bamia. Aliuunguza mara tatu. Mara ya nne nikamwambia, mwanangu, wewe igiza umekaa.

Nami walinikalisha barazani, nyuma yake. Nisiseme neno, nikae tu na bakuli la maharage. Nilikaa. Nilivaa gauni lile la bluu. Nakwambia hili mapema kwa sababu lina sehemu yake.

Sasa chokaa. Sikukuu ya Watakatifu Wote ilipokaribia, kampuni ikatuma mtu kwa padri kuomba makaburi yasipakwe chokaa mwaka huu, maana yanaonekana kwenye picha na yanatakiwa yawe machafu. Padri akasema atatangaza. Akatangaza, na watu wakacheka ndani ya kanisa. Corinne alikwenda siku ya sikukuu yenyewe kabla ya kazi, akapaka kaburi la baba na mama, na la Ovide, na la yule mtoto wako uliyemwacha hapa. Meupe, Leontine, unayaona toka barabarani. Kesho yake wakamwita, wakamwambia ameharibu picha ya siku mbili, akabidhi kitambulisho. Akaja nyumbani, akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, akasema: "Bibi, ningeweza kungoja wiki moja tu. Wafu wangeningoja." Halafu akafunga mizigo akaja kwako.

Nilimtazama akifunga mizigo. Nilijua kwamba si chokaa, na nikamkunjia mashati.

Wiki mbili baadaye akaja mama mmoja kutoka ofisi ya jimbo, Bi Arceneaux, mkaguzi, ana begi na adabu. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba watu ambao kampuni inasema ni wa hapa, kweli ni wa hapa. Akaniambia kwa mujibu wa karatasi zake nina wapangaji wanne, wanaume, wote mafundi seremala. Nyumba ina vyumba viwili. Akauliza wanalala wapi. Mdomo wangu, unaujua, ukajibu kabla yangu: wawili kitandani, mmoja kwenye kochi, na wa nne anakoroma, tumemhamishia kwa kuku. Hakucheka. Akaomba kuwaona kuku. Nikamwambia kuku waliliwa na filamu.

Alipoondoka mji mzima ulishajua. Haverly akarudi na wakili, wakaketi kwenye viti vyangu, wakala keki yangu ya viazi vitamu, wakaniambia nisiwe na wasiwasi. Kulikuwa na msichana karani, walisema, ameshaondolewa, yeye ndiye aliyeniletea zile hati za wapangaji nitie sahihi bila kunieleza. Mimi sina kosa, maana mimi sikwenda shule, sijui kusoma, na kila mtu Belle Chêne atathibitisha. Wakili akatoa karatasi iliyoandikwa hivyo tayari. Akanionesha mahali, akasema kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa: "Hapa tu, bibi. Weka alama yako ya X." Kampuni ingebaki na nafuu yake ya kodi, mimi ningebaki na nyumba yangu, na lawama yote angebebeshwa yule msichana.

Na wote wakaniambia weka. Padri alisema Mungu anajua udhaifu wetu. Alcide alikuja mbio na taulo begani, akanambia, "Bibi Zeno, ukifungua mdomo wako hawa watahamia jimbo jirani, na vitanda vyangu vitabaki na kunguni peke yao." Nikamwambia kunguni wako walikuwapo kabla ya filamu na watakuzika. Lakini sikumdharau. Ana watoto, na tangu kampuni ije ameezeka paa. Alhamisi hii kamati ya bunge la jimbo inakaa Baton Rouge kuamua kama hiyo sheria iendelee, na wapo wazee wa suti pale wanaotafuta sababu yoyote ya kuifuta. Nimeitwa niseme. Nikisema kweli, huenda nikawapa sababu. Nalijua hilo. Nimelala nalo na nimeamka nalo.

Haya, mdogo wangu, kaa vizuri. Mwandiko huu ni wangu.

Sina mtu hapa anayeniandikia, Corinne hayupo. Miaka mitatu mnadhani Jumanne naenda bingo kwenye ukumbi wa parokia. Hukushangaa, Leontine? Miaka mitatu sijashinda hata kikombe? Nilikuwa nyuma ya ukumbi na Sista Bernadine na wazee wenzangu watano, tunasoma herufi kama watoto wa kindagateni. Niliona haya kusema. Mwanamke wa miaka sabini na tatu anayeanza a na be, mngenicheka, na wewe ungekuwa wa kwanza. Sasa nina sabini na sita na nasoma gazeti lote, hata matangazo ya matairi.

Basi ile hati ya wapangaji niliisoma. Haikuletwa na msichana yeyote. Haverly aliileta mwenyewe mwezi wa tisa, akaiweka karibu na maharage yangu. Nilidhani ananisomea, kumbe ananisomea nusu. Nusu nyingine niliisoma kwa macho yangu, polepole, kidole chini ya kila neno: naapa kwamba watu hawa wanne wanaishi nyumbani kwangu. Nilijua ni uongo. Alisema watu wa hapa hawajafika idadi, kwamba wasipofika filamu itahama na Corinne atakosa kazi. Nilijiambia naokoa kazi ya mtoto. Hiyo ni kweli, lakini si yote. Alisema pia kwamba bakuli langu la maharage litaonekana kwenye picha, na uso wangu. Maisha yangu yote nimepikia watu wanaotazama sahani tu. Nilitaka nionekane, Leontine, na gauni langu la bluu. Nikatia sahihi.

Hao wanne walikuwa mafundi aliokuja nao kutoka California. Siku moja kabla ya Watakatifu Wote mmoja wao, kijana wa ndevu anaitwa Kip, alibisha hodi. Alikuja kuchukua leseni yake ya udereva, imeletwa kwa posta kwenye anwani yangu. Mtoto mchangamfu, hana ubaya. Akaniambia kwamba sasa yeye na wenzake wamekwisha kuwa watu wa hapa kwenye karatasi, idadi imetimia, kwa hiyo bosi hana haja tena ya yule dada wa ngazi. Wanatafuta tu kisingizio. Alikuwa hajui dada wa ngazi, jina walilompa Corinne kazini, ni nani kwangu. Nilimkatia kipande cha keki akaondoka. Na sikumwambia Corinne. Jioni yake alipoingia jikoni na kufunua sufuria, nilimchapa na mwiko kama kawaida.

Kwa hiyo si chokaa. Ni mimi. Kwa mkono wangu niliwageuza wageni wanne kuwa wenyeji, na mwenyeji mmoja akawa mgeni nyumbani kwako. Kama ni kumsema mtu asubuhi na jioni, mtu huyo ni mimi. Nambari yangu unayo.

Lakini ile X siweki. Nilimwambia wakili hivyo. Nilimwambia, kijana, nilidanganya nikiwa najua kusoma, na nitakiri nikiwa najua kusoma. Ujinga wangu nimeuzika kwa taabu ya miaka mitatu, hamtaufukua mje kuuegemea. Akasema kuapa uongo kuna faini, hata jela. Nikamwambia wakinifunga waandae bamia nzuri, maana chakula kibovu nitakisema mbele ya jaji.

Alhamisi nitasimama Baton Rouge na nitaisoma karatasi yangu mwenyewe. Sitawaambia waifute sheria. Alcide ana paa, na Corinne ana ufundi ambao jimbo hili lilimwambia ajifunze. Nitawaambia wapunguze kodi watakavyo, ila waache kuhesabu leseni zilizofika kwa posta. Wakiniuliza basi mtu wa hapa utamjuaje, jibu ninalo: ni yule ambaye akifa, kuna mtu atakuja na ndoo ya chokaa, hata akikatazwa.

Mpe Corinne barua hii aisome mwenyewe. Sitaki umsimulie, utaongeza chumvi. Akikataa kunisamehe, ana haki, na mpe chakula vizuri. Akikubali, aje Jumatano na gari, maana mimi nasoma lakini siendeshi. Aje na nyundo pia. Ngazi waliyonijengea wale wapangaji wangu imebonyea kipandio cha pili, na siendi mbele ya bunge la jimbo kwa kutokea mlango wa nyuma.

Nisalimie nyumba nzima mpaka yule paka wako mchoyo. Nyonga uikande na mafuta ya moto, usisubiri daktari. Mimi nipo, sijainama.

Dada yako, jina zima, kwa mkono wangu,

Zenobia Marie Narcisse