Dawa Isiyonikunja Uso

Jumatatu, 6 Januari

Hili sijamwambia mtu. Sisikii harufu.

Si kwamba nasikia kidogo. Sisikii kabisa. Asubuhi nimeinamia beseni la samaki nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Hakuna kitu. Na ulimi nao umelala. Chumvi naihisi kwa mbali, pembeni, kama mtu anayeniita akiwa ng'ambo ya mto. Vingine vyote ni moto au baridi, laini au vigumu. Basi.

Ni mafua tu. Yalinianza kabla ya Krismasi nyumbani Itiryo, nikayabeba mpaka hapa Nyamongo kwa shangazi Mokami. Homa ilipita. Kikohozi kikapita. Pua ikatiririka, ikaziba, kisha ikafunguka — ikafungukia patupu.

Shida ni kwamba nimeletwa kupika. Shangazi ana mgahawa karibu na kijiwe cha bodaboda. Baba alisema nisikae bure nikisubiri matokeo ya kidato cha nne, na shangazi akasema akiona mkono wangu ni mzuri atanikabidhi jiko, yeye abaki na wateja. Jiko liwe langu! Nimelitaka hilo kuliko nilivyowahi kutaka kitu shuleni. Jikoni huhitaji kuongea na watu.

Sasa mpishi haonji. Mchuzi wa leo nimeukadiria kwa macho. Akinyi, dada tunayefanya naye kazi, ameonja akasema uko sawa.

Shangazi ameuliza, unasikiaje leo? Nimejibu nasikia vizuri. Si uongo. Masikio yangu ni mazima.

Jumanne, 7 Januari

Kila mtu ana dawa ya mafua. Bibi amepiga simu toka Itiryo: nijifukize kwa majani ya mkaratusi, blanketi kichwani. Akinyi anatoka upande wa Kenya, Migori. Kwao ni ndimu, asali na pilipili kichaa. Dereva mmoja wa bodaboda amesema supu ya kichwa cha mbuzi, na akaagiza — ya kwake.

Shangazi amechemsha yake. Mwarobaini, tangawizi, vitunguu saumu, mpaka maji yakawa meusi. Anasema mwili ukizoea raha unasahau kujilinda, lazima ushtuliwe. Akanipa kikombe cha bati mbele ya wateja, mchana, benchi zimejaa.

Nimekunywa. Yalikuwa ya moto. Hilo tu ndilo nililojua. Nikateremsha kikombe. Watu wameacha kula wananitazama.

Akinyi akasema, "Haki wewe huna koo, una mfereji."

Mzee mmoja akaonja tone kwa kidole. Akatoka nje kutema. Watu wakacheka sana, halafu wakanitazama tena, kwa heshima hivi. Miaka minne shuleni nilikaa dirishani na mwalimu wa fizikia hakujua jina langu. Leo mgahawa mzima umeniuliza naitwa nani. Nimesema Wegesa. Nimelazimika kulirudia, sauti ilikuwa ndogo.

Alhamisi, 9 Januari

Dawa sasa inauzwa. Shangazi ameijaza kwenye chupa ya chai ya bluu na kuiweka kaunta. Ni ya kinga ya mwili, anawaambia, si mpaka uumwe. Kila mchana ananiita, "Njoo unywe waone." Nakunywa, wanaona, wananunua. Wananiita Fomu Foo.

Kuna kaka mmoja anaitwa Vicent. Kwao ni Nyansurura, Serengeti. Anachimba na wenzake watatu kwenye duara lao, yaani shimo lao la dhahabu, na huja kula mchana wakiwa weupe kwa vumbi. Anakohoa. Anageukia ukutani akikohoa, kwa adabu.

Leo wenzake wamemsukuma anywe. Akapiga funda moja, machozi yakamtoka. Akataka kurudisha kikombe. Mmoja akamwambia, mura, kijana mzima, unashindwa na mtoto wa kike? Vicent akanitazama. Akamaliza yote akinitazama mimi.

Nilishusha macho.

Jumamosi, 11 Januari

Maharage yameungua. Nilikuwa nimesimama palepale, nakata vitunguu. Akinyi ameingia mbio toka nje, ameshika sufuria kwa khanga. Jiko zima lilikuwa moshi, anasema. Mimi niliona moshi, nikadhani ni wa kuni.

Akaniuliza, ati nilikuwa naota Fomu Faivu? Nimesema ndiyo.

Kwa shangazi amejitaja yeye, kwamba ndiye aliyezidisha moto. Sijui kwa nini. Nimemwoshea vyombo vyake vyote.

Jumatatu, 13 Januari

Nimekwenda kituo cha afya. Nimemuaga shangazi kwamba naenda kununua vocha.

Nesi anaitwa Gloria. Mnene, hana haraka. Kwake nimesema, kwa sababu hanijui. Hakushangaa hata kidogo. Anasema mafua huwafanyia watu wengi hivyo, na kwa wengi pua hurudi, polepole, hairudi kwa kulazimishwa. Hana kidonge cha kunipa. Nilale vya kutosha. Nile machungwa, mboga za majani, mayai, maji kwa wingi — mwili unajijenga kwa chakula, si kwa mateso. Tangawizi na asali zitanilainisha koo, hazidhuru. Kuinamia sufuria inayochemka niache, amewafunga bandeji watu wengi waliojimwagia. Kila asubuhi ninuse vitu ninavyovijua vizuri, kimoja kimoja, taratibu, nikikumbuka harufu yake. Pua inafundishwa upya kama mtoto.

Na ule mchemsho mchungu? Akasema kidogo hauniui, ila hauponyi chochote pia. Nisiugeuze maji ya kunywa.

Kisha akauliza kama nakohoa. Nimesema kikohozi kimeisha. Vizuri, akasema, maana kikohozi kikipita wiki mbili sisi hatukiiti mafua tena. Tunachukua makohozi tunapima kifua kikuu, na dawa zake ni bure, zinaponya. Hasa hawa vijana wa mashimoni, vumbi limewala vifua, nao wanakuja wakiwa wameshachelewa, wamekonda, usiku wanalowa jasho.

Nimerudi kwa miguu. Nilimfikiria Vicent njia nzima. Nimemsikia akikohoa tangu siku niliyofika, na wiki mbili zimepita.

Jumanne, 14 Januari

Ndimu. Karafuu. Kahawa. Kipande cha mkaa. Nimevinusa nyuma ya stoo. Harufu ya ndimu nimeikumbuka vizuri sana, mpaka mate yakajaa. Lakini kukumbuka si kusikia.

Mchana nimemtazama Vicent vizuri. Mkanda ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Shati linaning'inia mabegani. Amekunywa kikombe chake, akaniambia dawa yangu inafanya kazi, kila usiku analowa jasho, ugonjwa unatoka.

Dawa yangu.

Nilikuwa napangusa meza. Nimepangusa mahali pamoja muda mrefu.

Alhamisi, 16 Januari

Nimejaribu kwa shangazi. Nimesema labda wale wanaokohoa sana tungewaambia wapime. Amesema wateja ni watu wazima, hatuwezi kuwafukuza na vijiko kwenda hospitali. Kisha mchana amemjazia Vicent kikombe mpaka juu na hakuchukua hela. Anamhurumia kweli. Anaamini.

Jioni amempigia baba simu mbele yangu. Mwanao ana baraka, amemwambia. Mwezi ukiisha jiko ni lake.

Nimekaa nikawaza. Nikisema sisikii ladha, dawa inakufa na mimi narudi Itiryo. Nani atamwachia jiko mpishi asiyejua maharage yanaungua? Nikinyamaza, Vicent anaendelea kunywa. Anakunywa kwa sababu mimi sikunji uso. Hilo ndilo siwezi kulizunguka.

Sijawahi kumfuata mtu kumwambia jambo. Hata mwalimu nilikuwa namwandikia kwenye karatasi.

Ijumaa, 17 Januari

Nimeshindwa. Alikuwa na wenzake.

Jumamosi, 18 Januari

Nimesema.

Alikwenda kunawa kwenye tanki la nje. Nilichukua jagi tupu nikamfuata kama ninayekwenda kuteka maji. Nikasema shikamoo — Vicent ana miaka ishirini na kitu! Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nikasubiri kiishe.

Nikasema, "Kaka Vicent, mimi ile dawa sisikii ladha yake."

Hakuelewa. Alidhani najisifu. Ikabidi nirudie. Kwamba pua na ulimi wangu vimekufa tangu mafua. Kwamba wangenipa maji ya betri ningekunywa hivyo hivyo. Kwamba haijaniponya kitu, na yeye haimponyi. Nikamwambia maneno ya nesi, la wiki mbili, la jasho la usiku, la mkanda. Nilisema nikitazama jagi. Nadhani sijawahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo.

Nilidhani atakasirika, maana nimemfanya mjinga mbele ya watu. Akanawa mikono yake tena, ilikuwa imeshanawa.

Akasema, "Kifua kikuu mimi nakijua tangu zamani. Baba aliondoka nacho." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja kijiji. Wenzake wakijua, watamtoa kwenye duara, na jiwe lenye dhahabu ndio kwanza wanalikaribia. Akiamini ni mafua, ni mafua. Alikuwa ananitazama mimi nikinywa na kujiambia, si unaona.

Nimemwambia inatibika. Dawa ni bure. Nesi amesema. Halafu nikamuuliza na wale watatu wanaovuta hewa moja naye chini kule, je? Hilo lilimfika. Akakaa juu ya ndoo.

Tumekubaliana. Jumatatu anapeleka makohozi. Wakimkuta nacho, wenzake atawaambia mwenyewe, siku hiyo hiyo, nao wakapimwe. Mpaka hapo mimi sisemi. Na kikombe mchana nimpe kama kawaida wasishtuke, lakini nimtilie chai ya rangi iliyokolea, yenye sukari.

Nimeweka masharti yangu pia. Akae benchi la nje, kwenye upepo. Kikombe chake ni kile chenye alama ya kutu, asinywee mwingine, nakichemsha mwenyewe.

Amesema, "Kumbe unaongea."

Jumapili, 19 Januari

Kanisani. Kwaya imeimba, ubani... hapana, sisi hatuna ubani. Nilitamani tu kuwe na kitu cha kunusa.

Ndimu asubuhi: hakuna. Mkaa: hakuna.

Jumatatu, 20 Januari

Amekwenda alfajiri. Ameacha makohozi, majibu ni kesho.

Mchana amekuja kula nao kama kawaida. Nimempelekea kikombe nje. Akanywa chai tamu akakunja uso, akatikisa kichwa, akapiga paja kwa kofi. Wenzake wakamcheka. Mimi nikanywa ule uchungu wenyewe uso ukiwa umetulia kabisa. Tumetazamana kidogo tu. Nusura nicheke, na nilikuwa naogopa pia, vyote kwa pamoja.

Akinyi ameniuliza kwa nini kikombe cha kutu kinachemshwa peke yake. Nimesema kina mafuta. Ameniangalia. Hakuuliza tena.

Jumanne, 21 Januari

Naandikia stoo, juu ya gunia la mkaa. Wateja bado wapo.

Vicent hajaja. Wenzake wamekuja bila yeye. Wameagiza, wamekula nusu, wanatazama barabara. Yule anayemwita mura ameniuliza mimi — mimi! — Fomu Foo, mwenzetu umemwona? Benchi zote zikageuka. Shangazi naye akageuka, amekwishajaza kikombe changu. Nikaona bora ninywe kwanza, nipate muda wa kufikiri la kujibu.

Nikanywa.

Uchungu! Umekuja wote kwa mara moja. Ulimi, koo, nyuma ya pua, mpaka kwenye macho. Na harufu juu yake, harufu ya mwarobaini, mbichi, kali, kama jani lililosuguliwa. Jamani, kumbe hivi ndivyo! Kumbe hiki ndicho Vicent alikuwa anakimaliza kila siku akinitazama mimi.

Watu wanatazama. Nikikunja uso, wataniuliza kulikoni leo, na swali moja litavuta lingine mpaka kwenye kikombe cha kutu. Nimemeza. Nimemeza tena. Nimeteremsha kikombe. Nimesema sijamwona, labda amelala, na sauti ilitoka nzima. Kisha nimesema nafuata mkaa.

Machozi yananitoka sasa hivi na sijui ni ya kitu gani. Nasikia harufu ya gunia. Nasikia samaki wa Akinyi, anazidisha moto. Jiko naweza kuwa nalo sasa, kwa haki. Ningefurahi. Nasubiri kwanza.

Bodaboda imesimama nje. Mtu anashuka. Anakohoa — amegeukia ukutani, najua kwa sauti. Anaongea, siyapati maneno, anaongea taratibu. Benchi limesogezwa. Sijui ni la kumpisha akae au la kumkimbia.

Natoka. Kama ni wewe Akinyi umelikuta daftari hili chini ya mkaa, lifunike. Habari za Vicent azitoe Vicent. Na kwamba leo nimesikia uchungu — hilo usimwambie mtu kabisa, mpaka nijue nikitoka hapa nivae uso gani.