Nta ya Buluu

Jumapili, 12 Machi 2023

Miezi sita tangu wanipasue kifua. Leo nimeshusha ski zangu za kutelezea thelujini kutoka darini — mwenyewe! Torleiv alikuwa nje anapasua kuni. Aliporudi akanikuta nimezilaza juu ya meza ya jikoni, nazipangusa vumbi. Akasimama mlangoni na kuni zake mikononi. Mume wangu akikasirika hupanga kuni. Amezipanga mpaka saa ya chakula.

Vali yangu mpya ya moyo, ya chuma, inalia tik, tik. Watu wakinyamaza inasikika. Leo mezani ilisikika sana.

Jumanne, 21 Machi

Kwa daktari wa moyo. Kanipandisha baiskeli ya kupimia, waya kifua kizima. Nikakanyaga mpaka jasho likaniingia machoni. Akasema moyo uko sawa, mfupa umeunga, niende zangu milimani — ila nisije nikaanguka nikagonga kichwa, maana hii dawa ya kuzuia damu kuganda haina mzaha. Nikamwambia aniandikie. Na sahihi! Nimeibandika kwenye friji, palepale Torleiv anapochukulia maziwa.

Binti yetu Synne akapiga simu. Mama, kwani lazima? Si utulie tu nyumbani ufume? Nifume! Nikamwambia afume yeye. Akacheka, halafu akalia. Nikakata simu kabla sijaanza na mimi.

Jumamosi, 1 Aprili

Tumegombana vizuri, mpaka mwisho. Pasaka thelathini na tatu tumekwenda mlimani pamoja kwa ski, tukilala kibanda hadi kibanda. Mwaka jana tu hatukwenda, kwa sababu ya moyo wangu. Mwaka huu yeye anataka tukae nyumbani tule machungwa ya Pasaka sebuleni kama wagonjwa!

Basi tumewekeana sharti. Alhamisi tunakwenda kibanda cha Skarvebu, kilomita kumi na nne. Nikifika bila kusaidiwa, Ijumaa tunaendelea mpaka kibanda cha Tverrbu, na hakuna mtu wa kunifungia ndani tena, maisha. Nikishindwa, ski zinauzwa.

"Zote?" nikamuuliza.

"Zote, bibie. Na zangu."

Tukapeana mikono kama wafanyabiashara. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Jumatano, 5 Aprili

Kwenye treni. Behewa zima limejaa ski, mbwa na machungwa. Ee, nilivyoikosa harufu hii! Mama mmoja kaniuliza kama saa yangu ndiyo inayolia. Nikamwambia ndiyo, nimeimeza. Hakuuliza tena.

Torleiv hakucheka. Ameangalia dirishani njia nzima, kisanduku cha nta kakipakata. Tumegawana kazi tangu tuoane: mimi mikate na chai, yeye kupaka nta chini ya ski. Ananusa hewa, anafinya theluji, anajua ni nta gani, maana kila theluji ina rangi yake ya nta. Hajawahi kukosea. Watu wa klabu yetu ya ski huja kumuuliza yeye kabla ya kusikiliza hali ya hewa redioni.

Alhamisi, 6 Aprili. Skarvebu

Naandika, kalamu karibu itoboe karatasi. Ni hasira!

Asubuhi nyuzi nane chini ya sifuri, theluji mpya, kavu, jua. Siku ambayo ski huenda zenyewe. Zangu hazikwenda. Hatua ya kwanza nzito. Ya mia nzito zaidi. Torleiv mbele anateleza tu, kila mara anageuka: tupumzike? Turudi? Nikasema twende. Kilomita ya tatu mapaja yanawaka. Nikasema basi, umekwisha, Gunnvor. Wamekuwekea chuma, lakini aliyebaki ni bibi kizee. Nililia nikitembea. Kamasi ziliganda.

Kilomita ya sita nikavua shanta mgongoni, nikakaa juu yake. Torleiv akarudi, akapiga magoti, akaniambia kwa upole hakuna ubaya, mke wangu, turudi tu. Upole ule! Nikainua mguu nimpige teke la utani, nikaiona ski kwa chini.

Bonge la theluji, nene kama mkate, limeng'ang'ania pale penye nta. Na mguu wa pili vilevile. Mimi, niliyefunzwa ski kabla ya kusoma, kilomita sita sikugeuza ski nikatazama! Nilikuwa nasikiliza kifua tu.

Nikakwangua kwa kisu. Chini yake nta nyekundu. Ya theluji inayoyeyuka! Kwenye nyuzi nane! Ski zake nikazigeuza: buluu, ya theluji kavu.

"Umekosea?" nikamuuliza.

Angesema ndiyo ningemwamini. Torleiv hajui kudanganya kwa mdomo. Akatazama glavu zake.

Nikakwangua nyekundu yote, nikachukua kisanduku chake nikapaka buluu, nikaondoka bila yeye. Jamani, ziliruka! Kilomita nane, mapigo mia na kumi na tano, tik tik tik, sikusimama hata kunywa chai. Nilimsubiri hapa saa nzima, mikono kiunoni.

Ijumaa Kuu, 7 Aprili. Skarvebu, asubuhi

Jana hatukusemezana. Asubuhi hii, tukila uji, amesema. Kwamba mwaka jana, kabla ya Pasaka, moyo uliponiangusha, alinivuta kilomita mbili kwenye theluji, midomo yangu rangi ya nta hiyohiyo ya buluu. Kwamba kila akifumba macho anajiona bado ananivuta. "Sitaweza tena, Gunnvor. Nichukie tu, lakini uwe nyumbani." Halafu akalia, mbele ya watu wanaokula uji.

Nampenda, mjinga huyu. Sijamsamehe. Vyote viwili.

Nimefungua daftari la kibanda, nimeandika kwa wino. Jina: Gunnvor na Torleiv. Kutoka: bondeni. Kwenda: Tverrbu. Kisha nimemwekea ski zangu mapajani, pamoja na kisanduku.

"Paka wewe, mzee. Sikagui."

"Hukagui?"

"Sikagui."

Nje nyuzi sita chini ya sifuri, theluji kavu. Nimekaa nimempa mgongo, naandika. Nasikia anakwangua. Sasa amesita, labda anachagua, buluu au nyekundu. Tik, tik, tik — na yeye anaisikia, najua. Kopo la nta limefunguliwa. Ameanza kusugua —