Kanuni ya Tano

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimegeuza matofali kabla ya chai, kama kila siku, ili jua lipige upande wa pili.

Naandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Kanuni ya tano niliitunga mimi.

Kabla hatujamaliza shule, Madame wetu wa sayansi alitupa kanuni tano za kujenga bila kuumiza ardhi. Tumia udongo wa karibu. Usikate mti kwa kazi ambayo jua linaiweza. Dirisha lisitazame jua la jioni. Jenga kitu ambacho kikichoka kitarudi kuwa ardhi. Ya tano aliisema kengele ikilia. Sikuisikia. Niliona haya kunyoosha mkono. Nikaacha mstari mtupu.

Kampuni ilipomwachisha Baba kazi, aliamua kujenga. Aliniomba nimsomee kanuni zote. Nilipofika kwenye mstari mtupu alikuwa ananitazama. Nikasema: tofali la udongo wa kichuguu likikauka vizuri halihitaji moto.

Akabomoa siku hiyohiyo tanuru alilojenga la kuchomea matofali.

Jumapili, 13 Oktoba

Kuta zimepita madirisha. Ndani kuna ubaridi hata saa sita mchana. Nilijivuna kidogo.

Jirani, Mama Ilunga, alisimama njiani akitoka misa. «Eh, papa! Hii iko nyumba ao iko chokola ya kunywa? Mvua ikikuya, mutakunywa ukuta!»

Baba akacheka. «Madame wa mutoto alisema. Ule mama alisoma.»

Mimi sikucheka.

Nyumba ya kampuni tunatakiwa kuiacha mwisho wa Novemba. Manjanja yetu, mabati ya kuezekea, yako depo, ghalani kwa Mama Kavira aliyetuuzia. Yatakuja lori lake likipata mafuta.

Jumanne, 22 Oktoba

Askari wamevunja maduka. Baadaye kila mtu akaingia kupora. Risasi upande wa Luano, kwenye uwanja wa ndege. Tumelala sakafuni toka asubuhi. Mama anasali. Mimi nawaza manjanja tu. Naona aibu.

Jumatano, 23 Oktoba

Depo ya Mama Kavira ni tupu. Hata milango imeng'olewa.

Manjanja yetu nimeyaona. Yalipita mbele ya mlango wetu, juu ya vichwa vya watu, yakipiga kelele. Moja lilikuwa na alama nyekundu ya Baba. Aliyelibeba huimba nasi kwaya. Baba alimwambia bonjour. Naye akajibu bonjour.

Jumamosi, 2 Novemba

Josée, niliyekaa naye darasani, anahama na familia yake. Madame ameshaondoka, hakuna anayejua alikokwenda. Nilimwomba Josée daftari lake la sayansi. Alinipa bila kuuliza, alikuwa anafunga mizigo.

Kanuni ya tano, kwa mwandiko wake mzuri: Tofali lisilochomwa lisiguswe na mvua. Simamisha nguzo na paa kwanza, ukuta baadaye.

Paa kwanza.

Mawingu yamekaa upande wa Kambove.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua. Tulifunika kuta kwa mikeka, magunia, vitenge vya Mama. Upepo ukavichukua. Nilishika ukuta kwa mikono miwili. Ulipita katikati ya vidole vyangu.

Jumamosi, 9 Novemba

Ukuta wa jikoni haukuanguka. Ulikaa chini taratibu. Mama Ilunga alikuja kutazama. Hakutania. Alituletea bukari, ugali bado wa moto.

Ni kosa langu. Nimeandika. Kusema siwezi.

Jumatatu, 11 Novemba

Hakuna mvua leo. Baba amechota tope la jikoni, amelirudisha kwenye kifomu cha matofali. Anasema tofali la kuchoma lisingekubali hivi. «Madame alisema muzuri. Haiko makosa ya Madame, shiye njo tulikosa manjanja.»

Paa bado hatuna. Moto hataki kuusikia. Kanuni ya tano anaijua kwa kichwa. Aliirudia polepole huku anasawazisha tope, neno kwa neno, kama nilivyoitunga.

Nilimshikia kifomu. Nilifungua mdomo. Akaniuliza kama nina kiu. Nikasema ndiyo.

Daftari la Josée nimelificha chini ya godoro. Na wewe, daftari langu, ndiwe pekee unayejua. Usimwambie. Tafadhali.