Swali la Zainabu Kuhusu Mvua

Baba yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Nakushika miguu kutoka huku Mwingi. Namuomba Mungu barua hii ikukute goti limepoa, na sauti ya kuwasomeshea wanafunzi wako wa chuo cha Kurani bado unayo. Mama naye, pumu imempa nafasi ya kupumua msimu huu? Mimi ni mzima wa mwili.

Tangu nije kufundisha sayansi kwenye shule hii ya sekondari ya Kiislamu nimekuwa nikiwaandikia mistari michache tu, kwa sababu mingine yote ingekuwa ya upweke. Watu wa huku ni wema. Lakini nikisema neno hutabasamu, wananiambia Kiswahili changu ni cha redioni. Wao kwa wao huzungumza Kikamba, nami hukaa nikingoja mtu akumbuke kuwa nipo. Jioni nakula muthokoi wangu, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, peke yangu, mlango nimeuacha wazi labda apite mtu.

Mvua imekosa misimu miwili. Punda hushinda barabarani wakibeba mitungi ya maji, na shuleni tunapikiwa mahindi ya manjano ya msaada.

Mwalimu mkuu wetu alituambia mwanzo wa muhula kwamba sayansi isifundishwe mbali na dini. "Sitaki watoto watoke hapa na vichwa viwili," alisema, "kimoja cha maabara, kingine cha msikiti." Niliitikia, lakini sikujua nianzie wapi. Nikawa nafungua kipindi kwa Bismillahi, halafu naendelea kama nilivyofundishwa chuo kikuu. Niliona yatosha.

Siku moja kidato cha pili nilikuwa nawaeleza jinsi maji yanavyogeuka mvuke. Msichana mmoja, Zainabu, akainua mkono. "Mwalimu, sasa hii mvua inatoka kwa bahari ama kwa Mungu?"

Darasa likacheka. Nami, Baba, nikamjibu kwa ukali: "Hapa ni sayansi. Hilo kamuulize maalim wa dini." Akaketi. Wiki ile nzima hakuinua mkono tena.

Kisha akaja baba yake, Mzee Hamisi, mchuuzi wa ngozi za mbuzi kutoka Migwani. Nilimpa kiti na maji. Alikunywa yote kwanza.

"Mwalimu, mimi sikukuja kupigana na wewe," akasema. "Jumamosi tulitoka kwenda kiwanjani kuomba mvua, wazee na watoto. Huyu msichana yangu alikataa kuinua mikono. Akasema mwalimu amefundisha ni jua na bahari tu."

"Sikusema hivyo, Mzee."

"Pengine hukusema. Lakini ndivyo alisikia. Na wewe mwenyewe, unaamini aje?"

Swali hilo naulizwa mimi, Baba. Mimi, mtoto wako. Nikamwambia naamini mvuke unapanda, na najua unapanda kwa amri ya nani, ila sijawahi kuyasema yote mawili kwa kinywa kimoja. Nikamuomba aje darasani.

Aliketi nyuma, kofia mapajani. Nikachemsha maji katika sufuria, nikashika kifuniko baridi juu yake mpaka matone yakaanza kudondoka. Kisha nikasoma ile aya ya pepo na mawingu uliyonihifadhisha nikiwa mdogo, nikaeleza maana yake. Nikawaambia kitabu chetu cha sayansi kinaonyesha njia ya maji, lakini hakisemi tumshukuru nani, na kwamba nilikosea nilipolifukuza swali la Zainabu. Nikamuomba radhi mbele ya wenzake.

Hakuna aliyecheka. Mzee Hamisi akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, rudia hapo kwa kifuniko. Sikuona vizuri." Nikarudia.

Hapo Zainabu akainua mkono. "Kama maji yapo na Mungu yuko, mbona sisi hatupati?"

Nilitafuta jibu, Baba. Nilitafuta lako na la kitabu. Nikamwambia, "Sijui, Zainabu."

Nilidhani baba yake atamchukua waondoke. Badala yake alisimama, akaja mbele, akaniwekea mkono begani. "Hata mimi sijui, mwanangu," akasema. Tangu nifike huku hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Ilinibidi nigeukie ubao na kufuta maandishi ambayo nilikuwa bado nayahitaji.

Zainabu yuko darasani. Mvua bado. Niandikie, Baba, wewe ungemjibu nini. Hata kama nawe hujui, niandikie.

Nisalimie Mama, na dada yangu Mwanamkuu na watoto wake, na mjomba Shee muezeka makuti, na Bi Rukia jirani yetu wa mikate ya mofa. Mwambie mkate kama wake huku sijaupata.

Mungu awaweke mpaka tuonane uso kwa uso.

Mwanao,
Abubakari